Furushi la Miguuni

Inspekta alimvutia kiti cha plastiki, akakipangusa kwa kitambaa chake mwenyewe, na bado Mama Jivu akakipita kama hakukiona. Yule mama hakuwa mtu wa kukaa. Alizunguka mbele ya duka la dobi lililoungua, akachungulia mlangoni, akarudi nyuma mpaka barabarani kuliangalia paa, kisha akaingia ndani bila kumngoja mtu. Jina la Mama Jivu alipachikwa na wazima moto. Wao wakishakunja mipira yao na kwenda kuoga, yeye ndiye alibaki kutafuta moto ulianzaje, na jioni alirudi nyumbani na jivu mpaka masikioni.

Inspekta alimfuata huku akiminya kalamu yake, tiki, tiki, tiki. Alikuwa na haraka, na hakuificha. Juzi jioni moto ulikuwa umemuua bibi kizee mmoja aliyekuwa amelala chumba cha nyuma cha duka hilo. Mwenye duka alikuwa mkwe wake, mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Dobi. Mshukiwa alikuwa mwana wa marehemu mwenyewe, fundi wa jenereta, yaani shemeji yake Bi Dobi. Siku ile ya moto watu walimsikia akimfokea shemeji yake kwamba iko siku atakitia moto kile kibanda. Bi Dobi, akirudi kutoka kupeleka nguo za wateja, alimkuta kwenye dirisha la nyuma, moto ukiwa unawaka. Mikono ya fundi ilikuwa imeungua. Na mabaki yaliyookotwa sakafuni, karibu na mlango wa chumba cha marehemu, yalipopimwa maabara yalionekana yana petroli.

"Nakuomba sahihi yako tu, mama," Inspekta alisema. "Uandike ni petroli, mchana nimfikishe mahakamani kwa kesi ya kuua."

"Mama yake anazikwa leo alasiri."

"Aliyemchoma mama yake ana haja gani ya kumzika? Hata ndugu zake wamesema hawataki kumwona pale kaburini."

Mama Jivu alikwisha chuchumaa. Aliuliza ni wapi hasa mabaki yale yalipookotwa, na Inspekta akaonyesha kwa ncha ya kiatu. Hapo mama akatoa mwiko mdogo na brashi, na kile kifaa chake cha kunusia mvuke ambacho wenzake walikitania kwa kukiita mume wa pili. Alikiweka juu ya lundo la jivu lililoloa. Kikapiga kelele.

"Umeona?" alisema Inspekta.

"Nimesikia. Tulia kwanza."

Alianza kulifunua lile lundo tabaka kwa tabaka, kama mtu anayemenya kitunguu. Juu kulikuwa na jivu na vipande vya mbao za dari. Chini ya mbao hizo kulikuwa na masizi, na chini ya masizi saruji ya sakafu. Kila alipofika tabaka jipya alishusha kifaa. Juu ya mbao kilipiga kelele, chini yake kikanong'ona, na kwenye saruji kikanyamaza kabisa. Akakiingiza kwenye nyufa za saruji, akangoja, akahamia ufa mwingine. Kimya.

"Dari lilianguka moto ukiwa umeshakolea," alisema. "Hii petroli iko juu ya dari. Mtu akimwaga petroli ili awashe moto, dari linaiangukia. Sasa hii ilipandaje juu?"

Inspekta hakuwa mjinga, na Mama Jivu alimpendea hilo. Alifikiri kidogo, kisha akasema petroli huelea juu ya maji, na wazima moto walimwaga maji ya kutosha kuogesha mji. Si ajabu ilielea ikapanda.

"Ingeelea, lakini ingeacha japo kidogo kwenye nyufa. Nyufa hazina kitu."

"Kwa hiyo ilitoka wapi?"

"Hilo ndilo linalonikosesha raha," alisema, na kweli alikuwa hana raha. Alisimama, akaingia chumba cha marehemu, akazunguka kitanda mara mbili. Kilikuwa kitanda cha chuma chenye springi. Upande wa kichwani springi zilikuwa zimesimama vizuri, ila upande wa miguuni zilikuwa zimelala chini, zimekufa kwa joto. Ukutani, juu ya pale miguuni, plasta ilikuwa imeungua mpaka ikawa nyeupe, na ile alama nyeupe ilianza nyembamba chini ikapanuka kadiri ilivyopanda. Mama Jivu aliifuata kwa kidole mpaka chini. Moto ulianzia hapo, miguuni mwa kitanda. Mlango ulikuwa mbali, na dirisha lilikuwa upande mwingine. Dirisha lilikuwa na nondo, na nondo mbili kati ya hizo zilikuwa zimepindishwa kuelekea nje.

Alirudi chumba cha mbele, ambako moto haukufika sana. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na furushi moja la taulo lililosalimika, limeviringishwa ndani ya blanketi. Kwa nje taulo zilikuwa zimepata moshi kidogo tu. Akalifungua, taulo ya kwanza, ya pili, na kadiri alivyoingia ndani rangi iligeuka, kutoka nyeupe kuwa ya chai, kutoka ya chai kuwa ya kahawia. Katikati kabisa palikuwa peusi, na palivunjika mikononi mwake kama mkate uliosahaulika jikoni. Akalinusa. Lilinuka mafuta yaliyochacha.

Moto wa kawaida huunguza kitu kutoka nje kuingia ndani. Huu ulikuwa umekwenda kinyume. Mama Jivu alilifunga lile furushi ndani ya kopo lake la vielelezo na kumwambia Inspekta kwamba hasaini chochote mpaka amwone huyo fundi.

"Nakupa mpaka gari la maiti litoke hospitali," alisema Inspekta. "Baada ya hapo nampandisha kizimbani, na sahihi yako utaileta huko huko."

Fundi wa jenereta aliletwa kwenye chumba kidogo cha kituo cha polisi akiwa amevaa shati la kuazima. Alikuwa mwanamume mkubwa, lakini siku ile alikuwa amejikunyata. Alipoona kuna mwanamke mtu mzima akasimama, akasalimia shikamoo, na Mama Jivu akamwitikia na kumwambia aonyeshe mikono.

Bandeji zilifunguliwa. Migongo ya mikono ilikuwa mizima, vinyweleo vyote viko mahali pake mpaka kwenye viwiko. Nyusi zilikuwepo, na kope zilikuwepo. Petroli ikilipuka haiunguzi viganja peke yake ikaacha nyusi. Mama Jivu alikuwa ameshaona nyuso za waliojaribu. Viganja ndivyo vilivyoungua, na viliungua kwa mistari miwili iliyonyooka, kila kimoja.

"Ulishika nini?"

"Nondo za dirisha."

"Kwa nini hukumwambia Inspekta?"

"Nilimwambia. Akaniambia kila mtu hujitetea."

Inspekta aliangalia kalamu yake. Haikuwa ikilia tena.

Mama Jivu aliuliza kuhusu yale maneno ya kukitia moto kibanda. Fundi hakuyakana. Alieleza kwamba alitaka mama yake ahamie kwake, kwa kuwa kile chumba cha nyuma hakikuwa na hewa, na kila alipolizungumza yule shemeji yake alimjia juu. Siku ile uvumilivu ukamwisha, akaropoka. Alipita tena jioni kwenda kuomba radhi, akauona moshi. Kuhusu petroli alisema nguo zake zote zinanuka petroli, hata za kuendea harusi, ndiyo kazi yake.

"Na mama mwenyewe alitaka kukaa wapi?"

"Alitaka kubaki. Alisema kwangu kuna baridi. Kwa mkwe wake analala miguu ikiwa na joto."

Mama Jivu, ambaye alikuwa akitembea toka ukuta mmoja hadi mwingine, akasimama. "Joto la nini?"

"Sijui, mama. Ni mambo yao wawili, mtu na mkwe wake. Walikuwa wakipendana sana wale." Kisha akauliza swali ambalo yamkini alikuwa amelibeba tangu asubuhi. "Watamzika bila mimi?"

Mama Jivu hakupenda kuahidi asichokuwa nacho. Alimwambia hajui, akatoka nje haraka, na huko nje akajikuta anamfokea dereva wake bila sababu.

Suala la petroli lilimalizika kituo cha zima moto, na halikumpa furaha yoyote. Aliyeongoza kikosi siku ile alikuwa Kapteni, rafiki yake wa miaka, mtu aliyekula naye vumbi moja. Mama Jivu alimkuta akipiga kiatu rangi. Alimuuliza geti la ndani, lile la kuendea chumba cha nyuma, lilikatwa kwa kutumia nini, na Kapteni akajibu kwa msumeno, ule wa petroli. Alimuuliza msumeno uliongezwa mafuta wapi. Kila mzima moto anajua jibu linalotakiwa: nje, mbali na jengo, wala si juu ya mabaki. Kapteni aliendelea kupiga kiatu rangi mpaka kikang'aa kupita kiasi.

"Ulituzimikia katikati ya kazi," alisema mwishowe. "Bibi wa watu yuko ndani. Nitoke nje nikajaze mafuta kama niko gereji? Nilijazia pale pale mlangoni. Mfuniko ulinidondoka, yakamwagika kidogo."

"Hayo kidogo yamemweka mtu ndani siku mbili, anaitwa muuaji wa mama yake."

Kapteni aliweka kiatu chini. Alisema wakubwa watamchuna ngozi. Mama Jivu alikubali kwamba watamchuna, na akamsogezea karatasi. Kapteni aliandika maelezo yake kwa mkono uliokuwa mzito, akatia sahihi, na walipoagana hawakutaniana kama siku zote.

Inspekta aliyasoma maelezo yale akiwa amesimama, akayarudia. Petroli ilikuwa imemponyoka, na mikono pia ilikuwa ikimponyoka. Lakini bado alikuwa na swali moja, na lilikuwa swali la haki: kama si fundi, basi nani? Moto haujiwashi.

"Unajiwasha," alisema Mama Jivu. "Nipe nafasi nikuonyeshe."

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyomtia aibu. Alikwenda msibani, akapenya katikati ya wanawake waliokaa chini, akamwomba Bi Dobi atoke naye kidogo. Alimwambia anataka kuona kazi ya udobi inavyofanyika, basi. Bi Dobi hakuuliza zaidi. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia, na alichotaka ni shemeji yake afungwe, kwa hiyo kama kufua taulo kungesaidia afungwe, angefua hata mlima.

Walikwenda kwa dobi wa mtaa wa pili, aliyekubali shingo upande kuazima mashine yake. Mama Jivu alikuwa ameleta taulo chafu kutoka saluni ya kukanda mwili, mteja mpya wa Bi Dobi, ambaye taulo zake zilikuwa katika mzigo wa siku ile ya moto. Zilikuwa zimelowa mafuta ya kukandia. Bi Dobi alizifua kwa maji baridi kama siku ile, ambapo hita yake ya maji ilikuwa imeharibika. Akazitia kwenye mashine ya kukaushia, akaipandisha joto mpaka mwisho. Mashine iliposimama alizitoa zikiwa za moto kiasi kwamba alizirusharusha mikononi, akazikunja upesi, akazibana kwa goti zikawa furushi, akaliviringisha furushi ndani ya blanketi.

"Mbona huziachi zipoe?" aliuliza Mama Jivu.

Kwa mara ya kwanza siku ile Bi Dobi alipata uso wa fahari. "Madobi wengine ndio huacha zipoe, dada. Mimi mteja wangu anapokea nguo ina joto. Akiishika tu anajua imefuliwa leo. Hiyo ndiyo sifa yangu, mtaa mzima waulize."

Alikunja ncha ya mwisho ya blanketi, akaipapasa kwa kiganja, akarudi msibani. Mama Jivu alimwangalia mpaka alipopotea kwenye kona. Alitamani sana, kuliko alivyowahi kutamani kazini, kwamba safari hii awe amekosea.

Walilitia furushi ndani ya nusu pipa, nyuma ya duka, mbali na kila kitu. Mama Jivu alichomeka waya wa kipimajoto mpaka katikati ya taulo. Kisha wakangoja. Inspekta alikaa, akasimama, akakaa tena. Mama Jivu alizunguka pipa mpaka akachora njia kwenye mchanga.

Joto lilishuka. Lilishuka taratibu, tena likashuka, na Inspekta akaanza kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alisema nguo zinapoa, kama nguo zote duniani zinavyopoa, na kwamba hata mkewe angemwambia hivyo bila kipimajoto. Mama Jivu alimwambia anyamaze. Jua lilifika utosini. Simu ya Inspekta ililia, akasikiliza, akaikata.

"Hospitali wameanza kupakia," alisema.

"Ngoja."

"Nimekungoja, mama. Tulikubaliana."

Alikuwa ameshageuka aende wakati mama alipomshika mkono wa shati. Mshale wa kipimajoto ulikuwa umesimama. Walisogeza nyuso zao karibu, vichwa vikakaribia kugongana, na wakauona ukitikisika, kisha ukapanda. Ulipanda kidogo. Ukapanda tena. Hakuna aliyekuwa amelisogelea lile furushi, hakukuwa na kiberiti, hakukuwa na waya wa umeme. Yale mafuta ambayo maji baridi hayakuyatoa yalikuwa yakijipikia yenyewe mle ndani, yamefungiwa joto lao na lile blanketi, hayana pa kulitolea.

Inspekta hakukaa tena. Harufu ilitangulia, ile ile ya mafuta yaliyochacha, ikazidi mpaka dobi mwenye duka akatoka kuuliza nani anaunguza nini. Baadaye blanketi likafanya doa la kahawia juu, dogo, mahali ambapo hakuna kitu kilicholigusa. Kutoka katikati ya doa ukatoka uzi wa moshi.

Inspekta aliangalia moshi ule, kisha akatoa simu. Aliagiza fundi wa jenereta aletwe pale mara moja, bila pingu, na dereva asithubutu kusimama njiani kununua sigara.

Ndipo Mama Jivu alipogeuka na kumwona Bi Dobi. Ndugu walikuwa wamemtuma kuuliza kama polisi watakuwepo makaburini. Alikuwa amesimama pembeni ya ukuta, kanga imemshuka mabegani, na hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Alikuwa akiliangalia furushi alilolifunga kwa mikono yake.

"Nani amelitia moto?" aliuliza.

Mama Jivu alipiga moyo konde. "Hakuna mtu, dada. Limejiwasha. Ni yale mafuta, na lile joto."

Bi Dobi alisogea mpaka penye pipa. Doa lilikuwa limepanuka. Alinyoosha mkono kama anayetaka kulipapasa tena, na Mama Jivu akaushika mkono ule na kubaki nao.

"Kila jioni," Bi Dobi alisema, sauti ikiwa ndogo. "Kila jioni nilimwekea moja miguuni. Mama alikuwa na baridi ya miguu, halali bila hilo. Siku ile nilimwekea la taulo za saluni, ndilo lililokuwa na joto zaidi." Akaivuta kanga mabegani. "Aliniambia ahsante mwanangu, nikatoka kupeleka mizigo."

Hakulia. Alikaa pale pale alipokuwa, na Mama Jivu, ambaye hakuwa mtu wa kukaa, alikaa naye chini kwenye mchanga akiwa amemkumbatia. Inspekta aliliburuta pipa mpaka penye bomba, akalimwagia maji yeye mwenyewe, viatu na suruali vikaloa, wala hakujali.

Gari la polisi lilifika. Fundi wa jenereta aliteremka, akatazama huku na huku, na Inspekta akamfuata. Walizungumza wamesimama karibu na mlango wa gari, Inspekta akiwa ameinamisha kichwa. Alimweleza yote, mpaka habari ya kitanda. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaja pale chini walipokuwa wale wanawake wawili.

Bi Dobi hakuweza kumtazama. Alisema na mchanga. "Mimi ndiye niliyemuua, shemeji. Nikakusingizia wewe."

Mama Jivu alihofu fundi atasema nini. Alikuwa na haki ya kusema lolote. Fundi alichuchumaa, akaingiza ile mikono yake yenye bandeji chini ya makwapa ya shemeji yake, akamnyanyua kwa vifundo vya mikono, kwa sababu viganja havikuweza kushika kitu.

"Alikataa kuja kwangu kwa ajili ya hilo furushi," alisema. "Twende, shemeji. Hawajamtoa bado. Mimi sitaweza kushika koleo, utanishikia."